Niliwafundisha Watoto Kuanguka

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Turwa nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuwa nimetoka kwetu Ringwani juzi yake, nusu ya njia kwa miguu na nusu juu ya magunia katika lori la mfanyabiashara wa ngozi. Mkononi nilikuwa na bahasha yenye cheti cha ualimu, kaptura mbili za khaki, na filimbi. Hedimasta wa shule ya kati alinipokea mlangoni pa ofisi yake. Alianza kunitazama miguuni, akapanda taratibu mpaka kichwani.

"Wewe ndiye mwalimu wa drili?"

"Ndiyo, bwana mkubwa."

"Mimi niliomba mwalimu wa hesabu. Wananiletea mtu wa kurusharusha miguu." Akanyoosha kidole nje. "Haya, watoto wako wale pale. Wachoshe vizuri wasije wakanisumbua darasani."

Hivyo ndivyo nilivyokaribishwa kazini, ninyi walimu wa siku hizi mnaolalamika kwamba siku yenu ya kwanza hamkupewa chai. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, na shule ya kati ilikuwa na madarasa manne tu, la tano hadi la nane. Watoto walilala bwenini kwa sababu wengi walitoka mbali. Drili ilikuwa somo la mazoezi ya mwili: panga mstari, nyoosha mikono, geuka kulia, geuka kushoto. Serikali iliipenda kwa sababu mtoto aliyezoea kugeuka akiambiwa geuka hakuwa na matata.

Lakini mimi chuoni nilifundishwa jambo jingine. Mkufunzi wetu wa michezo alikuwa askari mstaafu aliyerudi kutoka vitani na mguu mmoja mkavu, na alifundisha mieleka. Watu walicheka kusikia mieleka inafundishwa. Huku kwetu kila mtoto aliyechunga ng'ombe amekwisha kukamatana na wenzake malishoni. Yeye alisema huko ni kukamatana tu, na kwamba mieleka ina masomo manne na yana mpangilio wake.

Somo la kwanza ni kuanguka. Mtoto anachutama, anakunja kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini, anajiviringisha, kisha anapiga mchanga kwa mkono mzima ili kishindo kiishie mkononi kisiingie mgongoni. Somo la pili ni kuinuka: kabla mwalimu hajahesabu tatu uwe umesimama, umemkabili mwenzako, usimpe mgongo. La tatu ni kushika, na hapa ndipo penye kabari, yaani kumbana mtu shingo kwa kwapa, na ngwala, yaani kumfagia mguu akiwa ameuegemea. La nne ni kuachia. Mwenzako akigonga chini mara mbili unamwachia papo hapo, hata kama ndiye aliyekuibia ugali wako jana.

"Msikimbilie kushika," Mkufunzi alikuwa akitukaripia. "Mtoto mwoga anaogopa kule chini. Mpelekeni akapajue kwanza."

Basi pale Turwa niliomba ruhusa, nikachimbisha shimo nyuma ya bweni, upana wa chumba kikubwa na kina cha goti. Tukalijaza mchanga tuliobeba mtoni kwa magunia. Hedimasta alipita akatazama akauliza tunachimba kaburi la nani. Alikuwa na ulimi mbaya yule mzee, lakini hakutukataza.

Katika darasa la sita palikuwa na mtoto anaitwa Mwita, anatoka Matongo. Baba yake alikwenda kufuata ng'ombe walioibwa, akarudishwa amebebwa, na mtoto aliona. Tangu siku hiyo hakusema ila kwa kunong'ona. Asubuhi ukiita majina, ukifika kwa Mwita anajibu jirani yake: "Yupo, mwalimu." Walimu walikwisha kumzoea. Mama yake, Ghati, alikuwa mjane aliyeuza ulezi ili alipe ada, na kila alipokuja alinisalimu kwa woga kisha akauliza swali lile lile. "Mwalimu, ameanza kusema?" Nami namwambia bado, mama, bado kidogo.

Sikumlazimisha. Wiki za mwanzo alikaa ukingoni mwa shimo akitazama wenzake wakianguka. Baadaye akashuka akakaa ndani ya mchanga tu, kama anaota jua. Siku moja nikiwa nimegeukia upande mwingine nikasikia puu! Nikageuka. Mwita alikuwa amelala chali, mkono umenyooka vile vile nilivyofundisha, anatazama mawingu. Akainuka, akajiangusha tena. Alianguka mchana ule mpaka mchanga ukamjaa masikioni, na mwisho akacheka, kicheko cha sauti kabisa. Sioni haya kuwaambia kwamba machozi yalinilengalenga.

Haikupita miezi mingi Mwita akaitikia jina lake mwenyewe, darasa zima likageuka kumtazama. Alipofika darasa la saba, siku moja Hedimasta alinikuta uwanjani, uso umekunjamana.

"Yule bubu wako amenisahihisha hesabu ubaoni. Mbele ya darasa."

"Nisamehe, bwana mkubwa."

"Unaomba msamaha wa nini? Nilikuwa nimekosea." Akaondoka zake. Kesho yake akaniletea watoto wawili waoga, amewashika mikono, akaniambia na hawa niwatupe kaburini.

Ndivyo kazi ile ilivyofanya. Sikufundisha watoto kupigana, ingawa wazazi walidhani hivyo. Waliopenda ugomvi walipungua, maana mtu aliyeangushwa mara mia na rafiki yake na kuinuliwa naye haoni tena sababu ya kutafuta ugomvi njiani. Na wanyonge waliacha kutembea wakiufuata ukuta.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika.

Alikuja Supavaiza wa elimu, mgeni kutoka mbali, na kijitabu chake cha kanuni za mieleka. Alipoona shimo alifurahi mno. Akaagiza sikukuu ya michezo, aalikwe Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza, aalikwe chifu, na wazee wa koo. Akasema washindani wapangwe kwa uzito, kama kijitabu kinavyosema. Tukaazima mizani ya kuning'iniza kule dukani Tarime, ile ya kupimia ngozi, tukaifunga kwenye boriti. Kila mtoto anaukumbatia mti uliofungwa kwenye ndoano, miguu inaning'inia, wenzake wanacheka hadi wanajishika mbavu.

Mwita alilingana uzito na mwanafunzi mwenzake aitwaye Chacha. Hapo roho ikanipasuka. Chacha alikuwa mwembamba, lakini alikuwa ametahiriwa mwezi wa kumi na mbili uliopita pamoja na rika lake. Alikuwa mmura, yaani kijana aliyekwisha kuingia utu uzima. Mwita alikuwa bado, alikuwa mrisia, mtoto wa kuchunga. Kwetu hawa wawili hawapimani nguvu. Mrisia anampisha mmura njiani. Mrisia kumlaza mmura chali mbele ya wazee ni kulivua nguo rika lake zima, wala si yeye peke yake. Shimoni mimi siku zote nilipanga wamura peke yao na warisia peke yao, bila hata kufikiri.

Nilimwendea Supavaiza ofisini, Hedimasta akiwepo. Nikaeleza.

"Mizani inajua nani katahiriwa?" Supavaiza akaniuliza.

"Haijui, bwana. Lakini wazee wanajua."

"Hapa ni shule, mwalimu. Nilikuwa nimeandika jina lako kwa kozi ya daraja la juu. Au niliandika mapema?"

Nilimtazama Hedimasta. Naye alikuwa mtu wa huku huku, anajua kila kitu nilichokisema. Akawa anatazama dirishani kana kwamba nje kuna mvua. Mimi nikasema, "Ndiyo, bwana." Nimekwisha kujiuliza mara nyingi kama ningesema vingine ingekuwaje, na jibu ni kwamba ningeikosa kozi. Basi. Ningekosa kozi tu.

Siku yenyewe ilijaa watu. Wazee walikaa kwenye viti vyao vya magogo, mafimbo mapajani. Jina la Mwita lilipoitwa pamoja na la Chacha, mngurumo ulipita kati yao. Mwita alikuja kwangu badala ya kwenda shimoni.

"Mwalimu, huyu ni mmura."

"Umeogopa?" nikamwuliza.

"Siogopi. Nauliza."

Mtoto aliuliza swali la mtu mzima, nami nikamjibu kwa kumchokoza woga wake. Nilijua hilo ndilo neno moja asiloweza kulivumilia. Nikamwambia, "Basi ingia."

Akaingia. Chacha alimwendea kwa hasira, akamtafuta shingo apate kabari. Mwita akateleza chini ya kwapa lake, akangoja mguu uegemee, akaufagia. Ngwala safi, kama nilivyomwonyesha mwenyewe. Chacha akalala chali. Mwita akampa mkono amwinue, kama tulivyofundishana, na Chacha hakuushika.

Supavaiza alipiga makofi peke yake. Wazee waliinuka mmoja mmoja, wakachukua viti vyao wakaondoka. Mzee mmoja alipita karibu yangu. Nikamwamkia kama baba yangu, "Shikamoo, tata." Hakuitikia. Katika maisha yangu yote hakuna mzee mwingine aliyeniacha na shikamoo yangu mdomoni.

Mwisho wa mwezi watoto waliruhusiwa kwenda nyumbani. Mwita alifuata njia ya Matongo pamoja na wenzake wawili. Jioni wale wawili walirudi wakikimbia, wamepoteza hata mifuko yao. Wamura wa rika la Chacha waliwangoja kwenye kivuko cha kijito. Chacha mwenyewe hakuwepo, na sijui kama alijua. Wale wawili walitimua mbio. Mwita hakukimbia.

"Tulimwita, mwalimu," mmoja akaniambia. "Akasema usimpe mtu mgongo."

Walikuwa wametazama kutoka kichakani, wakanisimulia yote. Walimpiga ngwala akaanguka, akaanguka vizuri, akainuka. Wakampiga fimbo akaanguka, akainuka. Mmoja wa wamura alimwambia, "Kaa chini, tumemaliza." Kumbe walitaka alale chini tu, watu waseme mrisia amelala chini. Angebaki pale wangekwenda zao. Lakini mimi nilikuwa nimemfundisha kwamba kabla ya tatu uwe umesimama. Akainuka tena na tena, mpaka wakauvunja mkono wake wa kulia mahali pawili.

Mganga wa mifupa alimfunga kwa vijiti. Mkono ulishika, lakini ulipinda, na vidole havikukunjika tena. Wazee walikuja shuleni, wakazungumza na Hedimasta nyuma ya mlango uliofungwa. Supavaiza aliandika kwamba ilikuwa ajali nje ya eneo la shule. Mimi nikaambiwa nilifukie shimo. Nililifukia mwenyewe, sikutaka mtoto anisaidie.

Muhula mmoja ulipita. Kisha asubuhi moja naona Mwita amesimama mbele ya nyumba yangu, amekonda, mkono umekaa kando ya mwili kama si wake. Alikuwa tayari anaandika kwa mkono wa kushoto, akanionyesha daftari. Sauti yake ilikuwepo, kamili.

"Mwalimu, nifundishe kuanguka kwa mkono mmoja."

"Mieleka imefungwa, Mwita."

"Si mieleka. Kuanguka tu. Hata pale kwenye majani."

Nilitazama njia kama kuna anayetuona. Jina langu lilikuwa bado kwenye orodha ya kozi. Nilikuwa na hofu ya wazee, ya Supavaiza, na zaidi ya yote nilikuwa na hofu ya ule mkono, sikuweza kuutazama. Nikamwambia maneno haya, nayaandika kama yalivyotoka: "Kaa kando, mwanangu. Wewe hiyo kazi huiwezi tena."

Aliniangalia kidogo, kisha akatazama chini. Wale vijana na fimbo zao hawakuweza kumfanya atazame chini. Akaweka daftari kwapani akaenda zake.

Juma lile lile, asubuhi nikiita majina, nilipofika kwa Mwita akajibu jirani yake. Ikawa hivyo siku zote zilizobaki. Kabla ya mtihani wa darasa la nane kitanda chake bwenini kikakutwa kitupu. Tukasikia amevuka mpaka, yuko kwenye mashamba ya chai upande wa Kenya. Hedimasta alikata jina lake kwenye daftari la mahudhurio kwa mstari mwekundu, akanitazama, akalifunga.

Kozi nilikwenda. Nilirudi na daraja la juu, nikapangiwa upande wa Serengeti, shule baada ya shule, chini ya Hedimasta huyu na Mkaguzi yule. Baadaye bendera ikabadilika, Hedimasta akaitwa Mwalimu Mkuu, Bwana Shauri akaondoka, na mimi mwenyewe nikawa Mratibu wa Michezo. Nilifundisha mbio, kuruka juu, kuvuta kamba. Mieleka sikuigusa tena. Nikiulizwa nilisema kanuni zimebadilika.

Nilistaafu na saa ya ukutani, na barua ya shukrani. Sasa kuna vijana wanaofundisha watoto karate katika ukumbi pale mjini Tarime, mavazi meupe, mikanda ya rangi. Walikuja kwangu, shikamoo mzee, tumesikia ulikuwa fundi. Wakaniuliza kama ni kweli inamjenga mtoto. Nikawaambia ni kweli kabisa, niliona kwa macho yangu mtoto asiye na sauti akiipata mchangani. Nikawaambia pia wawafundishe watoto wao siku ya kubaki chini na siku ya kukimbia, kwa maana mimi wa kwangu sikuwafundisha. Na wajue kwamba mtoto wanayemjenga atakuwa anawaamini kuliko anavyoamini mkono wake mwenyewe. Waliitikia kwa adabu. Nadhani walitaka niwafundishe ngwala.

Mwaka niliostaafu ndipo nilipopata ushujaa wa kwenda Matongo. Nilichelewa, najua. Nilipita katikati ya vijana wanaochimba mashimo ya dhahabu, nikauliza mpaka nikafika kwa Ghati. Alikuwa amezeeka, anapepeta ulezi. Alinitambua kabla sijajitambulisha, akaniwekea kiti.

Nilimwuliza habari za Mwita. Alisema barua zilikuja mbili, za zamani sana, zimeandikwa na mtu mwingine kwa niaba yake. Baada ya hapo kimya. Hajui kama yu hai. Akapepeta tena kidogo, kisha akaanza kuzungumza polepole, bila ya ukali wowote.

"Ule muhula aliokaa hapa na vijiti mkononi, mwalimu, kila asubuhi alikwenda nyuma ya zizi. Nilidhani anakwenda kulia. Nikamchungulia. Alikuwa anajiangusha, kwa upande ule mzima. Anaumia, anauma meno, anainuka. Nikamwambia mwanangu acha, utauvunja tena. Akaniambia, mama, najaribu tu, mwalimu atanionyesha namna yake. Kila siku, mwalimu. Akaondoka hapa anaimba. Lakini aliporudi likizo hakwenda nyuma ya zizi hata mara moja, wala hakusema na mtu. Mimi nikadhani labda hakukukuta."

Akaacha kupepeta, akanitazama.

"Alikukuta?"

"Alinikuta, mama."

"Ulimwambia nini?"

Nikamwambia ni siku nyingi, sikumbuki.